Mahindi Yaliyolala Katika Chokaa
Mwanafunzi aliyesafiri hadi Oaxaca, nchini Meksiko, kutafuta elimu, kisha akajifungia bwenini na mkate wa dukani, amejidhulumu nafsi yake. Kwani darasa jingine, lisilo ada wala mtihani, limo sokoni, ambako mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa na kulazwa usiku kucha huoshwa maganda, yakasagwa, yakawa chapati nyembamba ziitwazo tortilla, nazo hugeuzwa kwa ncha za vidole juu ya bamba la udongo lenye moto mkali. Chokaa hiyo si urembo: huifungua vitamini B3 iliyofichamana ndani ya punje, na wenyeji waliitumia karne nyingi kabla ya Wahispania kuwasili. Ama panzi wa soko hilo hilo, wa kukaangwa kwa ndimu na chumvi, wa kwanza, nakiri, nilimmeza nimefumba macho. Sasa nawatafuna kama njugu.