Si kila tunda la mtoto ni la mbwa

WAGONJWA wangu ni binadamu, wala sikusomea kutibu wanyama. Hata hivyo, haipiti wiki mbili kabla ya mzazi aliyemleta mtoto mwenye kikohozi kugeuka akiwa mlangoni na kuniuliza: "Daktari, na mbwa wetu je? Watoto humpa matunda, si mabaya?" Zamani nilikuwa nikicheka na kujibu kwamba kinachomfaa mtoto hakiwezi kumdhuru mbwa. Jibu hilo ndilo lililomuua mbwa wangu mwenyewe.

Jirani yetu alikuwa na harusi, akatuletea sinia la biriani iliyojaa zabibu kavu. Tulikula tukashiba, na yaliyosalia watoto wakamtilia Simba kwenye bakuli lake. Usiku huo akatapika. Mimi, na shahada yangu ya udaktari ukutani, nikasema ni shibe tu. Kesho yake alikataa chakula akajilaza chini ya gari. Siku ya tatu hakukojoa kabisa. Daktari wa mifugo alipompima damu alikuta figo zimeshindwa kazi, naye aliniuliza swali moja tu: "Amekula zabibu?"

Waama, hata madaktari wa mifugo hawakulijua jambo hili kwa miaka mingi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambapo wataalamu wa sumu wa Marekani walianza kuandika habari za mbwa walioharibika figo baada ya kula zabibu, mbichi au kavu. Kiini kilibaki fumbo hadi 2021, walipopendekeza kwamba mkosaji ni asidi ya tatariki. Kilichowafungua macho ni mbwa aliyeugua baada ya kula krimu ya tatari, na mbwa waliokula ukwaju nao walipatwa na maradhi yale yale.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi. Zabibu si tunda la kila siku katika nyumba nyingi, lakini ukwaju tunao: kwenye juisi, kwenye mchuzi, na kwenye viazi karai ambavyo watoto hununua jioni. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mbwa mmoja atakula zabibu nyingi asidhurike, na mwingine chache tu zitamlaza. Biriani yenyewe, mbali na zabibu, ina vitunguu, ambavyo huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa.

Embe ni hadithi nyingine. Nyama yake haina neno, ila kokwa ni hatari. Mbwa huimeza kwa ulafi, ikakwama katika utumbo, na asipopasuliwa upesi hufa. Kokwa ya avokado ni vivyo hivyo, na mafuta mengi ya tunda lenyewe huweza kumchafua tumbo vibaya. Mnaoletewa makadamia na jamaa kutoka Murang'a au Embu, ziwekeni juu: mbwa akizila, miguu ya nyuma hulegea na mwili ukatetemeka, ingawa aghalabu hupona baada ya siku moja au mbili.

Yasiyo na madhara ni mengi: ndizi iliyomenywa, papai na tikiti lililotolewa mbegu na ganda, kipande cha nanasi, tufaha lisilo na mbegu. Kipande au viwili vyatosha, maana matunda yana sukari. Kanuni ya wataalamu ni kwamba vitu vya kumfurahisha mbwa visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku.

Najua kuna msomaji anayeguna: mbwa ale papai, na watoto wa mtaani hawalioni? Ana haki ya kuguna. Mbwa hahitaji matunda hata kidogo, na asiyempa hamnyimi chochote. Ninalolipinga mimi ni ile tabia yetu ya kumfanya mbwa kuwa pipa la takataka. Maganda, kokwa, masalio ya harusi, yote tunamtupia, kisha tunashangaa. Yaya anaambiwa ni dawa gani mtoto asiiguse, lakini hakuna anayemwambia mbwa asipewe nini.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa bakuli lile. Lilikuwa zile siku mbili nilizongoja. Mbwa akila zabibu au ukwaju, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama anachezacheza. Katika saa mbili hivi za kwanza anaweza kumtapisha, na baadaye kumwekea maji ya mshipani ili kuziokoa figo. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo humuua. Wala usimpe tembe zako za maumivu, maana nyingi ni sumu kwake.

Siku hizi mzazi akiniuliza lile swali la mlangoni, sicheki. Humwambia arudi akae, nikamwandikia nambari ya simu ya daktari wa mifugo nyuma ya kadi ya mtoto, kisha namuuliza ni wapi jikoni kwake anapoweka ukwaju.