Vitshumbi haina haja ya kubuni mwisho wa dunia

Mwaka 2008 mwandishi Mmarekani Suzanne Collins alitoa riwaya ya vijana, The Hunger Games. Katniss, msichana wa miaka 16 katika taifa lililoota juu ya magofu ya Amerika Kaskazini, anavuka uzio kuwinda kwenye pori lililokatazwa ili mama na mdogo wake wapate kula. Wengi waliisoma kama habari ya kesho.

Kijana wa Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, angeisoma kama habari ya jana. Kijiji chake cha wavuvi kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ambamo kulima na kuwinda ni marufuku. Makundi yenye silaha yamekuwa yakiwatoza wavuvi pesa ndipo waingie ziwani. Machi 2024, M23 wakaingia kijijini.

Ila riwaya hizi zina kasoro: zinapenda mno shujaa wa peke yake. Mtumbwi hauendi hivyo. Mmoja anapiga kasia, mwingine anatega wavu, wote wanachungulia viboko. Ufukweni mama anasubiri samaki awatie chumvi na kuwauza. Wavu nao huenda ni wa mtu mwingine, naye anataka fungu lake, vita visiwe vita.

Riwaya ya Kiswahili ya vijana hawa ingeanzia kwenye deni hilo la wavu. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, kabla ya kununua haki za kutafsiri ya Wamarekani, wangemuuliza kwanza kijana wa Vitshumbi anadaiwa na nani.