Feza ya Mtoto Isilipe Kiti cha Biro

Ndugu wafanyakazi, baba na mama wa Katuba, Kamalondo, Kenya na Ruashi,

Mimi ni karani wa mgodi. Kila mwisho wa mwezi ninaandika hesabu ya mishahara, na humo kuna mstari ambao wengi wetu hatuusomi: feza ya watoto. Leo tuusome pamoja.

Wazee wanakumbuka posho. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilimpa mfanyakazi chakula chake, cha mke wake na cha watoto wake. Ilifanya vile kwa faida yake, ili mtu asirudi kijijini. Lakini aliyeshika mizani alilipwa na kompani. Mshahara wake haukutoka katika gunia la mtoto.

Na leo? Wakati wa INSS, sanduku la feza ya watoto lilikuwa katika Katanga peke yake. Kwingine kila mwajiri alilipa mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadili mambo, na mwaka 2018 CNSS ilichukua nafasi ya INSS. Sasa kwa kila franka 100 za mshahara, mwajiri anaweka 6.5 kwa ajili ya watoto. Ndugu, ile si zawadi. Ni jasho letu lililopita kwa mkono wa mwajiri.

Lakini sanduku linaishi kwa michango ile ile. Karani wa dirisha, nyumba, motokari, karatasi na wino, vyote vinatafuta njia humo. Sisemi kuna mwizi. Ninasema kwamba hata pasipo mwizi, mtoto anakatwa.

Tena anakatwa mara ya pili mfukoni mwa baba. Mwenzetu mmoja alitaka mtoto wake wa nne aandikwe. Katika biro moja ya mji huu walimrudisha mara tatu: leo karatasi ya kuzaliwa, kesho picha, kesho kutwa muhuri. Alipohesabu nauli na siku za kazi zilizopotea, bunga la mwezi lilikuwa limekwisha kuliwa njiani.

Wengine watajibu: Leta ikilipa gharama za biro, feza itachelewa, na Leta itajifanya bwana wa sanduku. Woga ule una sababu. Lakini hesabu iliyofichwa ndani ya feza ya mtoto haionekani na mtu. Ikiandikwa katika bajeti ya inchi, kwa mstari wake, wabunge wetu wanaweza kuiuliza.

Na Leta isiseme haina kitu. Sheria ya madini ya 2018 inaipa Leta ya kati sehemu 50 kwa 100 za redevansi, jimbo 25, na maeneo yenye migodi 15. Shaba tunayoitoa sisi inaweza kulipa dirisha la watoto wetu.

Basi tunataka mambo matatu. Leta ilipe gharama za biro. Sanduku litangaze kila mwaka feza iliyoingia, iliyofika kwa watoto, na iliyobaki njiani. Na karatasi za mtoto ziandikwe palepale kazini, bila malipo.

Ndugu, mwezi huu uliza mstari wako. Mtu asiyeuliza hesabu hupewa masalio.

Karani wa mgodi, Lubumbashi