Homa ya nguruwe: kwa nini kuuza haraka hakutuokoi

Kwa kaya nyingi za Mbeya na Iringa, nguruwe wawili au watatu bandani ni nyama ya sikukuu na ada ya shule. Ndiyo maana taarifa ya homa ya nguruwe ikifika kijijini, wengi hukimbilia kuuza au kuchinja kabla ya kupata hasara. Tunawaelewa. Lakini ugonjwa huu husambaa zaidi kwa njia hiyohiyo.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921. Haimpati binadamu, ila inaweza kumaliza karibu nguruwe wote bandani. Haina tiba. Mwishoni mwa 2010 ililipuka Kyela, mpakani na Malawi, na hadi 2012 ilikuwa imeripotiwa sehemu nyingine za nchi. Virusi vya aina hiyohiyo viliingia Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018.

Virusi hivi hukaa siku nyingi kwenye nyama mbichi, na miezi kwenye nyama iliyogandishwa. Nguruwe huweza kuambukizwa na kukaa siku kadhaa bila dalili. Kwa hiyo aliyenunuliwa leo akiwa mzima anaweza kufa wiki ijayo, akiwa ameshaambukiza wenzake. Nyama ikipikwa kibandani, makombo yake yakapelekwa kwa nguruwe wa kijiji kingine, ugonjwa umeshahama.

Karantini inalenga kukata safari hiyo. Tatizo ni kwamba anayetoa taarifa ndiye wa kwanza kukosa soko, na asiposaidiwa, jirani yake atajifunza kunyamaza. Viongozi wa vijiji na halmashauri wanapaswa kulizungumza hili waziwazi kwenye mikutano, kabla ugonjwa haujafika.

Nyumbani, tuanze na haya:

- Nguruwe wakae bandani, wasizurure.
- Makombo yachemshwe nusu saa, yapoe, ndipo walishwe.
- Nguruwe mgeni atengwe wiki tatu au nne.
- Tusiazimane dume ugonjwa unapotajwa jirani.
- Mchinjaji na mnunuzi wasiingie bandani.

Ukiona homa kali, kukataa chakula, masikio au tumbo kuwa jekundu, au vifo vya ghafla, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Mzoga uzikwe kwenye shimo refu, usiliwe wala kutupwa mtoni. Ukiwahi kutoa taarifa, huenda banda lako likapotea, lakini ya majirani yakabaki.