Mama, kabla ya kukopa angalia siku ya marejesho



Mkopo mdogo unaweza kumtoa mama kwenye umaskini, hilo silipingi. Ninachopinga ni kukopa bila kuangalia kama siku za marejesho zinaendana na siku pesa yako inaporudi.

Tuseme umekopa sh. 300,000, unarejesha sh. 30,000 kila wiki kwa wiki 12. Jumla utalipa sh. 360,000. Ukiiweka pesa hiyo kwenye mahindi, utavuna baada ya miezi mitatu hadi minne. Je, wiki ya kwanza utarejesha nini? Wengi huanza kuuza kuku, halafu hukopa "kausha damu" ili kulipa deni la kwanza. Hapo mkopo umeshakuwa kitanzi.

Mkopo wa marejesho ya kila wiki upeleke kwenye biashara inayozunguka haraka: genge la mboga, maandazi, dagaa. Mahindi na alizeti vinataka mkopo unaolipwa baada ya kuuza mavuno. Kwenye kikoba chenu mnaweza kukubaliana hivyo mapema.

Msisahau pia fungu la halmashauri. Sheria inataka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kabla ya kusaini jiulize: rejesho la kwanza litatoka wapi? Kama huna jibu, usisaini.