Wafuasi elfu kumi, keki sifuri

Najua nimepotea kidogo. Kazi za watu zimenibana, na mwandishi wa programu hulipwa akimaliza, hata akikesha.

Haya, leo nataka tuongee juu ya kununua wafuasi. Mwezi huu nimeulizwa jambo hilo na watu watatu: mmoja anauza viatu hapa mjini, mwingine anautaka udiwani, na wa tatu ni mwanafunzi kule Njoro anayetaka kuwa mchekeshaji. Wote swali lao ni moja, "Fundi, ni pesa ngapi?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hizo pesa zinanunua nini.

Nikiri kwanza. Mimi niliwahi kuwanunua, tena kwa pesa za mtu mwingine. Mwaka 2019 nilimtengenezea tovuti mama mmoja wa Kiamunyi anayeoka keki. Nitamwita Mama Keki, maana jina lake si lenu. Kwenye Instagram alikuwa na wafuasi kama 640, karibu wote watu wa Nakuru, Njoro na Gilgil. Akiweka picha ya keki, watu sabini hivi wanaipenda, wawili watatu wanauliza bei, na Ijumaa anapeleka mzigo. Biashara ndogo, lakini inakwenda. Shida ni kwamba mshindani wake wa Milimani alikuwa na wafuasi 9,000, na Mama Keki hakulala.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nililipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa kwa kijana niliyempata mtandaoni, na baada ya siku mbili akaunti ilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Tulifurahi kweli. Nilijiona bingwa!

Sasa niwaeleze soko lenyewe linavyofanya kazi, maana nimeliangalia kwa jicho la kazi yangu. Yule kijana hakuwa na wafuasi wowote. Alikuwa na tovuti iliyounganishwa na tovuti nyingine, nayo imeunganishwa na nyingine tena, kila mmoja akiongeza faida yake kidogo, kama viazi vya Molo vinavyopita kwa madalali watano kabla ya kufika sokoni. Mtu anayejua kuandika programu anaweza kufungua duka la namna hiyo jioni moja. Kule mwisho kabisa wa mnyororo kuna akaunti zilizotengenezwa na mashine. Kuna pia akaunti za watu halisi waliowahi kuingiza nywila zao kwenye programu fulani iliyowaahidi wafuasi wa bure. Huenda binamu yako wa Gilgil anamfuata daktari wa meno huko Brazil na hana habari.

Nilipofungua takwimu za Mama Keki kuona wageni wake wanatoka wapi, nilikuta miji ya Brazil, Uturuki, Indonesia, halafu London. Kwa sekunde moja nikapata moyo, nikidhani ni London yetu hii ya Nakuru. Wapi!

Wengi husema ubaya wa wafuasi wa kununua ni kwamba hutoweka. Ni kweli hutokea. Mwezi Julai 2018 Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X, iliacha kuhesabu akaunti ilizokuwa imezifunga kwa kuzishuku, na Barack Obama peke yake akapungukiwa na zaidi ya wafuasi milioni 2. (Sisemi aliwanunua. Mtu mkubwa hufuatwa na roboti bila kuomba.) Lakini kituo kimoja cha utafiti kinachohusiana na NATO, kilichoko Riga, kilifanya jaribio mwaka 2019: kilitoa euro 300 kikapata maoni 3,530, laiki 25,750, watazamaji 20,000 na wafuasi 5,100, vyote vya bandia, katika mitandao mbalimbali. Baada ya wiki nne, vinne kati ya kila vitano vilikuwa bado vipo. Kwa hiyo msihofu sana kwamba watakimbia. Mimi nawaambia wakikimbia mna bahati.

Kwetu walikaa, na ndipo balaa lilipoanzia. Instagram ilieleza yenyewe mwaka 2021 kwamba picha unazoonyeshwa hupangwa kwa kukisia uwezekano wa wewe kuzijali: kusimama uzitazame, kuzipenda, kuandika neno. Sasa chukua picha ya keki uipeleke kwa watu elfu kumi ambao hawana macho wala tumbo. Haiitikiwi. Mashine inaelewa kwamba keki hii haipendwi, na wale 640 wa kweli wanaanza kuipata mara chache. Laiki zilishuka kutoka sabini hadi kumi na kitu. Maswali ya bei yakakauka.

Tukafanya kosa la pili, nalo ni langu pia. Nikamshauri alipie matangazo ya shilingi 6,000, na nikachagua yaende kwa watu wanaofanana na wafuasi wake. Mnaona nilichofanya? Niliiambia mashine itafute watu wanaofanana na roboti.

Siku moja Mama Keki alinipigia simu, sauti ya chini, akaniuliza, "Fundi, hao watu wako, keki wanakula kweli?" Sikuwa na jibu.

Nisiwe mwongo, zipo faida. Namba kubwa humpumbaza mtu asiye na haraka ya kuchunguza, na wakati mwingine hukupatia kiti. Hapa kwetu kuna soko linalokula kutokana na upumbavu huo. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walitoa ripoti kupitia Mozilla kuhusu Twitter ya Kenya: kampeni 11 za upotoshaji, akaunti kama 3,700, na vijana wakilipwa takriban dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku. Miongoni mwa walioshambuliwa ni majaji wetu, wakati wa kesi ya BBI. Kwa hiyo ndugu yangu wa udiwani, unapotaka umati wa kukodi, jua mpinzani wako naye ana duka lilelile, na bei ni ileile.

Wauzaji nao wanaanza kubanwa, angalau kwingine. Kampuni ya Devumi ya Marekani, iliyoanikwa na New York Times Januari 2018, ilishtakiwa na tume ya biashara ya huko, na mwaka 2019 mwenyewe akahukumiwa dola milioni 2.5, ingawa alitakiwa kutoa 250,000 tu na zilizobaki zikasitishwa. Tangu Oktoba 2024 wana kanuni inayokataza kuuza au kununua wafuasi bandia kwa ajili ya biashara.

Mama Keki je? Tulijaribu kuwafuta. Wakati ule ulikuwa unaondoa mmoja mmoja, na ukiharakisha unazuiwa. Mwanawe alifuta usiku mbili, akafika mia nne, akakata tamaa. Mwishowe tukafungua akaunti mpya yenye sifuri. Mama akatoa daftari la kurasa 96 lililojaa madoa ya siagi, ambamo kwa miaka yote alikuwa akiandika jina la mteja, simu yake na tarehe ya harusi au birthday. Tukakaa jikoni kwake, yeye akipiga simu, mimi nikituma meseji. Zile 2,500 na zile 6,000 nilizikata kwenye malipo yangu ya tovuti, na sikupewa hata kipande cha keki.