Harufu ya waridi kwa bei ya mchaichai

Chupa ndogo ya marashi ya waridi kutoka Ulaya inaweza kuuzwa kwa bei ya mbuzi, na sababu ipo. Mafuta halisi hutolewa kwa kupitisha mvuke kwenye petali, na kilo moja ya mafuta huhitaji takriban tani nne za petali zinazochumwa kwa mkono alfajiri. Bulgaria na Uturuki ndizo zinazoongoza. Kilo hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kwa hiyo chupa ya shilingi elfu chache inayouzwa Nyegezi, karibu na stendi au kwa wanafunzi wa vyuo, haina mafuta hayo hata lebo ikisema "waridi asilia". Si dhambi, mradi mnunuzi asidanganywe. Viwanda hutumia mafuta ya jerani kutoka Misri, au palmarosa ya India, ambayo ni jamii moja na mchaichai wetu. Yote yana jeranioli, mojawapo ya viini vya harufu ya waridi. Mengine ni kemikali tupu za kiwandani.

Mkulima asikimbilie kupanda waridi. Maua ya Arusha na Naivasha yalichaguliwa ili yakae siku nyingi bila kunyauka, na mengi hayanukii. Mchaichai una mfano wa karibu: kiwanda cha ZSTC huko Wawi, Pemba, hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mchaichai pia. Lakini bila mtambo na mnunuzi wa uhakika, ekari nzima ya mchaichai ni chai tu.

Kwa muuzaji, hesabu ndiyo yenye mtego. Tuseme amenunua mililita 100 kwa Sh30,000 na chupa tupu kumi kwa Sh5,000. Moja inabaki ya kuonjesha wateja. Tisa zikiuzwa Sh5,000 kila moja anapata Sh45,000, faida Sh10,000 kabla ya nauli na ushuru. Akikopesha mbili zisilipwe, faida yote imekwenda.

Tena asiuze mafuta mazito kwa kupaka moja kwa moja, kwani yanaweza kuunguza ngozi. Udhibiti wa vipodozi ulihamia TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, hivyo anayetaka kufungasha kwa jina lake aanzie huko kabla ya kuchapisha lebo.